Nondo za Waheshimiwa

Nchi ninayotaka kuisimulia usiitafute kwenye ramani. Ukiikuta huko, basi siyo hiyo, na mimi sikusema kitu. Ni nchi nzuri, yenye mito, milima, na serikali inayowapenda wananchi wake kiasi kwamba haimwachi mtu apumue peke yake.

Mwaka mmoja serikali hiyo iliamua kuchimba jumba kubwa chini ya mlima. Wizara ya kwanza ilitangaza kuwa ni jumba la mitambo ya umeme. Wizara ya pili ikatangaza kuwa ni ghala la nafaka. Wizara ya tatu ikasema ni ukumbi ambako viongozi watatafakari mambo mazito bila kusumbuliwa na jua. Juu ya matumizi hawakuelewana mpaka leo, ila juu ya ukubwa walielewana siku ileile: urefu wa viwanja viwili vya mpira, na kimo cha kutosha hotuba yoyote.

Sasa, mlima haupasuliwi tumbo hivi hivi. Wanaoijua kazi huchimba kwanza handaki jembamba juu ya mahali itakapokuwa dari. Kutoka sakafu ya handaki hilo hutoboa mashimo marefu kwenda chini, kila shimo wakalitia nondo ya mita kumi na mbili, kisha wakalijaza uji wa saruji kwa pampu mpaka ufurike. Uji ukikauka, nondo na mwamba huwa kitu kimoja, na siku mwamba wa chini utakapoondolewa, dari itabaki imeshikwa. Ni sawa na mtu anayefunga mzigo wa kuni barabara kabla hajauinua. Anayeinua kwanza akafunga baadaye, kuni humwangukia miguuni, na hana wa kumlaumu.

Katika handaki hilo alifanya kazi bwana mmoja mwembamba, wa miaka hamsini na kidogo, jina lake Lutengano Mbukwa. Alikuwa mgonga nondo. Alipita na nyundo ndogo akigonga vichwa vya nondo vilivyotokeza sakafuni, akainama, akasikiliza. Nondo iliyoshiba saruji husema "ti" na kunyamaza, kwa sababu mwamba umeumeza mlio wote. Nondo isiyo na saruji huimba. Inasema "ngiiii", mlio mtamu, mrefu, unaokwenda mpaka chini na kurudi. Ipo methali ya wazee kuhusu madebe inayofaa sana hapa, lakini katika nchi hiyo ilipigwa marufuku mwaka uliotangulia, kwa hiyo tuiache ilivyo.

*

Wahandisi walikadiria kuwa dari ingetosheka na nondo mia mbili na themanini. Tatizo ni kwamba waheshimiwa wa nchi hiyo walikuwa mia tatu na kumi na mbili, na ilikuwa imeshaamuliwa kwamba kila mheshimiwa awe na nondo yake, yenye kibao cha shaba kilichoandikwa jina, cheo na shahada zake, ili wananchi wajue ni akina nani hasa wanaoibeba nchi. Haikufaa mtu aachwe nje ya mlima. Nondo thelathini na mbili zikaongezwa, na wahandisi wakaambiwa wakokotoe upya mpaka hesabu ikubali.

Kumi na moja za katikati, namba mia na hamsini na moja mpaka mia na sitini na moja, zilikuwa za wajumbe wa Baraza la Juu. Huko katikati ndiko dari ingebeba uzito mkubwa kuliko kwingine kote. Wakubwa hawakuchagua mahali hapo kwa sababu ya uzito. Walipachagua kwa sababu ndipo picha zingepigwa.

Kwa kuwa sasa nondo zilikuwa watu, kazi ya kugonga ilitungiwa kanuni. Mgongaji asiruke kibao cha Mheshimiwa. Mgongaji asimgonge Mheshimiwa kichwani kabla ya kupiga hodi. Na daftari la milio liwe na safu mbili tu, moja ya "Imeshiba" na nyingine ya "Imeshiba Sana".

Basi Lutengano alishinda kutwa katika handaki lile na taa yake ya kofia, akisema, "Hodi, Mheshimiwa," ti. "Hodi, Mheshimiwa," ti. Mara mia tatu na kumi na mbili kwa siku, na hakuna aliyemkaribisha. Wiki ya kwanza alicheka mwenyewe. Wiki ya pili alicheka kidogo. Mkewe alikuwa amefariki mwaka ule handaki lilipoanza, hawakujaliwa mtoto, na chumba chake kambini kilikuwa na kimya kile kile cha handakini, tofauti ni dirisha. Alikuwa mpweke, na hakuna haja ya kulizungusha neno hilo.

Mtu mmoja tu alimpandia huko. Huyo ni Nyamizi, mama mmoja mwenye mabega mapana, kiongozi wa wachimbaji arobaini waliokuwa wakingoja kulichimba jumba. Mashimo yote ya nondo aliyatoboa yeye kwa keekee, na sasa kazi yake ilikuwa kusubiri. Kila saa saba mchana alipanda ngazi mia nne na bakuli la ugali wa muhogo na dagaa, wakaketi ukutani, miguu wameikunja ili wasimguse mheshimiwa yeyote.

"Kaka Lutengano, kutwa nzima huku juu unaongea na nani?"

"Na serikali, dada."

"Inasemaje?"

"Inasema ti."

Nyamizi alicheka mpaka dagaa wakampalia. Lutengano akampiga mgongoni taratibu, akatamani saa saba iwe inakuja mara mbili kwa siku.

*

Nondo mia tatu na moja zilijazwa saruji siku za kawaida, na watu wa kawaida, bila maneno. Zile kumi na moja za Baraza la Juu zilingoja sherehe, kwa kuwa kila mjumbe alitaka abonyeze kitufe cha pampu kwa kidole chake mwenyewe.

Uji wa saruji ulikorogwa saa tatu asubuhi, kama ratiba ilivyosema. Uji huo haujui vyeo. Ukishakorogwa, una muda wake, na muda ukipita unakuwa jiwe, hata aliyeukoroga awe nani. Saa nne alisimama Waziri wa Mwamba na Kina, Mheshimiwa Daktari Kasembo, kusema machache.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna nchi zinazochimba kwanza, zikafikiri baadaye. Sisi tumefikiri kwanza! Na baada ya kufikiri, tukafikiri tena! Nani leo atathubutu kusema hatufikiri?"

Hakuna aliyethubutu. Aliendelea kuhusu kufikiri kwa saa moja na dakika arobaini. Kisha wakasema machache wajumbe wengine kumi, kila mmoja akianza kwa kueleza kwamba mengi yameshasemwa.

Lutengano ndiye aliyeshika mpira wa pampu. Saa tano mpira ulikuwa na uvuguvugu mikononi mwake. Saa sita ulikuwa mzito. Saa saba alijaribu kuukunja ukakataa, umekuwa fimbo. Akamsogelea Bwana Mtengeti, Karani Mkuu wa Milio, mtu wa suti ya kaki aliyeishika kalamu kama anayeogopa isimchome.

"Bwana Mtengeti, uji umeganda mpirani. Hakuna kitakachopita."

Mtengeti alitazama jukwaani, ambako mjumbe wa nane alikuwa anamnukuu mjumbe wa tatu. "Ndugu Lutengano, unataka nimkatize nani?"

Saa nane na nusu wajumbe walibonyeza, mmoja baada ya mwingine. Pampu ilinguruma. Mshale wa kipimo uliruka mpaka mwisho ukakwama huko, na mtangazaji akawaeleza wasikilizaji kwamba hata mashine imehamasika. Watu walipiga makofi. Ndani ya mashimo kumi na moja hakikuingia hata kijiko.

*

Kesho yake Lutengano alianza upande wa kushoto kama kawaida. Mia na hamsini za kwanza, ti. Alipofika katikati akavuta pumzi.

"Hodi, Mheshimiwa Waziri."

Ngiiii.

Mlio ulishuka chini, ukarudi, ukashuka tena. Akagonga zote kumi na moja. Zote ziliimba. Alikaa chini palepale, akafikiri juu ya Nyamizi na watu wake watakaosimama chini ya mahali hapo na mwamba juu ya vichwa vyao, mwamba usioshikwa na kitu ila majina.

Safu zote mbili za daftari hazikufaa, akaandika pembeni: "Na. 151 hadi 161 hazina saruji. Uchimbaji usianze." Akalipeleka kwa Mtengeti.

Karani alisoma, akainuka akafunga mlango, akasoma tena.

"Hii mia na hamsini na moja ni nani?"

"Ni nondo."

"Nondo ya nani?"

"Ya Mheshimiwa Waziri."

"Kwa hiyo umeandika, kwa mkono wako, ndani ya daftari la serikali, kwamba Mheshimiwa Waziri ndani hamna kitu."

"Bwana, mimi nimeandika habari ya saruji."

"Wewe umeandika saruji. Atakayesoma si wewe." Mtengeti alijifuta jasho. "Mimi nina watoto wanne, Ndugu Lutengano. Jaza upya. Imeshiba Sana."

Lutengano hakujaza. Habari, kama zilivyo habari, zikapanda zenyewe mpaka wizarani, na baada ya siku tatu Waziri alikuja mlimani na wapiga picha. Alimnyang'anya Lutengano nyundo, akagonga nondo ya mbunge mmoja wa mbali. Ti. Akagonga ya pili. Ti. Akagonga yake. Ngiiii.

Uso wake ulichanua. "Mnasikia? Hizi nyingine zinaguna. Yangu inaimba!" Akagonga za wenzake kumi, zote zikaimba, na wapambe wakasema ni kweli, uongozi unasikika. Waziri aliagiza hizo mia tatu na moja zihimizwe nazo ziimbe kabla ya mwisho wa mwaka wa serikali. Mtengeti akaandika agizo hilo.

"Mheshimiwa," alisema Lutengano, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe, maana alizoea kuisikia ikisema hodi tu. "Inaimba kwa sababu ni tupu. Zote kumi na moja. Mwamba wa chini ukitolewa, dari itashuka, na kuna watu arobaini watakuwa pale. Naomba saruji na siku moja. Basi."

Waziri hakukasirika. Wakubwa wa nchi hiyo hawakasiriki, husikitika.

"Huyu ni nani?" aliuliza kwa upole.

*

Uchimbaji haukusimamishwa. Lilitolewa tangazo fupi getini kwamba mtu mmoja aitwaye Lutengano Mbukwa anataka kazi icheleweshwe, na kwamba kila siku ya kuchelewa wachimbaji watakaa nyumbani bila posho. Pia lilisema kuwa atahojiwa na Tume baada ya Siku ya Makofi, ambayo ni sikukuu kubwa ya nchi hiyo.

Nyamizi alipanda saa saba. Hakuwa na bakuli.

"Kaka, ni kweli?"

Lutengano aligonga nondo ya mbunge, akagonga ya Waziri. Nyamizi alisikiliza kichwa kimeinama. Mkono uliotoboa mashimo yale hauwezi kudanganywa na mlio.

"Nimesikia," alisema. "Sasa unataka nifanye nini?"

"Waambie wasishuke."

"Watu wangu wamekaa miezi mitano wakilisubiri shimo hili. Nikiwaambia wasishuke, getini wapo arobaini wengine wamelala nje kwa zamu. Hao watashuka."

"Basi waambie na hao."

"Hao ni wengi kuliko maneno yangu, kaka." Alisimama, akajipangusa vumbi. "Na vijana wangu wameniambia, nikionekana tena nimekaa na wewe, watajua niko upande gani. Nina wiki mbili kabla ya kushuka. Nitasema ni uongo, nishuke nao, au nitasema ni kweli, nishuke nao. Afadhali washuke hawaogopi. Mwenye woga keekee humponyoka."

Alishuka ngazi zote mia nne, na Lutengano akazihesabu hatua zake mpaka zikapotea. Tangu siku hiyo alikula peke yake. Kambini wachimbaji waliacha kumsalimu. Bombani walimpisha, si kwa heshima. Kijana mmoja aliimba kimzaha "hodi, hodi" alipopita, na wenzake wakaangua kicheko. Lutengano aliingia chumbani akakaa kitandani na viatu vyake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alilia, kwa hasira kuliko huzuni, kwa sababu hao hao waliomcheka ndio aliokuwa akiwahesabu kichwani kila alipogonga.

*

Siku ya Makofi kila mwananchi hubebwa kwa lori mpaka uwanjani kushangilia. Jina la Lutengano lilikuwa limekatwa kwenye orodha, na mbele yake pameandikwa "hana sifa za kushangilia". Kwa hiyo saa moja na nusu asubuhi malori yaliondoka, mlinzi wa getini akiwemo, na mlima wote akabaki nao mtu mmoja.

Yeye alikuwa ameshaikariri Sheria ya Ulinzi wa Heshima. Kutia kitu chochote katika shimo la Mheshimiwa bila idhini ya Baraza ni miaka kumi na minne. Alisimama stoo kidogo, akiifikiria miaka hiyo. Kisha akabeba mfuko wa kwanza wa saruji begani.

Alibeba mifuko kumi na tisa, ngazi mia nne kila mmoja. Pampu kubwa ingehitaji umeme na saini tatu, akatumia ile ya mkono. Na kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja hupampu, mwingine huinama kwenye mdomo wa shimo na mkono juu ya kijibomba cha pumzi, akingoja uji urudi, na ukirudi hupaza sauti, "Imejaa!" Ndipo mwenzake huacha. Lutengano alipampu mara ishirini, akakimbia shimoni akamulika, akakimbia tena kwenye pampu.

"Imejaa?" aliuliza kwa sauti, kwa kuwa hivyo ndivyo kazi inavyokwenda.

"Bado," akajijibu.

Akapampu tena. Shimo la kwanza lilimchukua karibu nusu saa. Uji ulipopanda kijibombani, mzito na wa kijivu, ukamwagika juu ya kibao cha shaba, alisema "Imejaa" polepole sana, akageuka bila kukusudia, akitafuta mtu wa kumtazama. Akapangusa kibao kwa kofia yake. Kwa redio ya mlinzi iliyoachwa wazi kule chini, makofi ya uwanjani yalikuwa yanapanda kama mvua kwenye bati.

Jioni malori yaliporudi alikuwa amemaliza, mpira umeoshwa, mifuko imechomwa. Vidole vyake vilikuwa vimeungua kwa saruji na kupasuka kila kiungo. Hakuna aliyemtazama vidole, maana hakuna aliyekuwa anamtazama.

*

Tume ilikaa siku ya tisa baada ya sikukuu, ndani ya handaki lenyewe. Waziri Kasembo aliiongoza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekashifiwa na hivyo ndiye aliyeijua kesi vizuri. Wachimbaji arobaini waliletwa kushuhudia, Nyamizi mbele yao.

"Mtu huyu amesema mimi na wenzangu ni watupu," Waziri alitangaza. "Hatutabishana naye. Tutaiacha nondo ijisemee." Akainua nyundo, akatabasamu kuelekea kamera, akagonga.

Ti.

Akagonga tena, kwa nguvu. Ti. Waziri aliibandika shavu lake sakafuni karibu na kibao, mbele ya watu wote. "Mbona haiimbi?" alinong'ona, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa kuonewa huruma. "Nani amenichukulia sauti yangu?"

Walijaribu zote kumi na moja. Ti, ti, ti. Wapambe walitazamana. Ingetokea siku hiyo mtu akashtakiwa kwa wizi wa sauti, kama Mtengeti hangekohoa.

"Mheshimiwa, nondo huimba zikiwa changa. Zikikomaa hutulia. Tena sasa zote mia tatu na kumi na mbili zina mlio mmoja, wa wakubwa na wa wadogo. Sijui kama imewahi kutokea popote. Ni umoja wa kitaifa."

Waziri aliinuka taratibu, akalipima neno hilo, likamtosha. Makofi yakapigwa.

Wakati wa makofi Mtengeti alisogea kwa Lutengano kama anayetaka daftari. Alivitazama vidole vyake. Alivitazama kwa muda kuliko inavyohitajika kuviona.

"Umezijaza," alisema bila kufungua mdomo vizuri.

Lutengano alivikunja vidole.

"Nisikilize. Ukiulizwa, ukasema umezijaza, hawatakufunga tu. Watasema zimenajisiwa. Zitatobolewa upya pembeni, zitiwe nyingine, na uji upya. Kwa sherehe." Akatupa jicho kwa Waziri. "Hotuba zipo tayari. Nimezichapa mimi."

Makofi yaliisha. Waziri alimgeukia mshtakiwa.

"Uliandika kwamba nondo hizi hazina saruji. Umezisikia leo. Zina saruji au hazina?"

"Zinayo, Mheshimiwa."

"Basi ulipoandika, ulikuwa unasema kweli au unasema uongo?"

Lutengano aliwatazama watu arobaini. Nyamizi alikuwa amekaza macho kwake, kichwa kimeinama vilevile alivyokiinamisha siku aliposikia mlio. Alikuwa anangoja. Neno moja tu lingemtosha, na Lutengano alilitaka neno hilo kuliko alivyowahi kutaka chakula.

"Uongo," alisema. "Nilidanganya."

Nyamizi aliangalia pembeni.

*

Serikali ile haina tabia ya kuwaonea watu. Badala ya kumfunga, ilimpa cheo. Alifanywa Mwongo Mkuu wa Mlima, akapewa kiti na ubao wenye maandishi makubwa, akaamriwa akae navyo kwenye mdomo wa handaki la chini kila siku ya uchimbaji, wachimbaji wamwone wakiingia na wamwone wakitoka, wajifunze. Nyundo alipewa mpwa wa Waziri, ambaye hakuwahi kupanda ngazi zaidi ya mia.

Baruti ya kwanza ililipuliwa Jumatatu. Lutengano aliisikia kwenye miguu ya kiti kabla ya masikioni. Walianza pembeni, chini ya wabunge wa mbali, wakaendelea siku baada ya siku kuelekea katikati. Asubuhi watu arobaini waliingia, jioni wakatoka, na kila walipotoka alishusha pumzi, akakumbuka kwamba bado hawajafika.

Siku ya kumi na mbili walifika chini ya Baraza la Juu. Baruti ililia saa nne. Kisha ikatoka harufu, kisha vumbi jeupe, zito, likaujaza mdomo wote wa handaki. Kanuni zilimtaka Mwongo Mkuu aketi. Alisimama. Alisimama pale na ubao wake kifuani, akililazimisha sikio lake lisikie mita mia sita ndani ya mlima, na hakusikia kitu, wala mwamba kuanguka wala mtu kuita. Ilipita saa. Ikapita ya pili.

Saa tisa walianza kutoka. Walikuwa weupe kwa vumbi mpaka kope, wakicheka kwa kelele kama watu waliotoka kwenye jambo wasilotaka kulitaja. Nyamizi alikuwa wa tatu. Aliwaacha wenzake wapite, akasimama mbele ya kiti.

"Imesimama," alisema. "Haikudondosha hata kokoto."

"Vizuri."

"Vizuri?" Alisogea hatua moja karibu. "Siku kumi na mbili nimeshika keekee huku natazama juu. Usingizi sijaujua. Nilikuamini wewe, unajua? Wote walikucheka, mimi moyoni nilikuamini, mpaka siku ulipofungua kinywa chako mbele ya Waziri, hata sikio langu mwenyewe nikaliona limenidanganya, na hofu uliyonitia haikutoka. Tulikula sahani moja. Ulikuwa unapata raha gani kututisha?"

Alikuwa hajamwita kaka. Lutengano alificha mikono nyuma ya ubao. Angeweza kumwambia. Nyamizi angefurahi, angewaambia wenzake kwa furaha ileile, wenzake wangewaambia wake zao, na kabla ya Ijumaa mafundi wangepanda juu na keekee kuifungua dari, na arobaini hawa wakiwa chini yake.

"Mmetoka wote?" aliuliza.

"Wako nyuma wanakuja. Kwani ulitaka nani abaki?"

Alimtazama kidogo zaidi, kisha akaondoka. Lutengano aliketi. Wakaja wengine, wawiliwawili, watatuwatatu, wakimpita bila kugeuza shingo, naye midomo ikicheza taratibu nyuma ya ubao. Thelathini na nne. Thelathini na saba. Wakapita wawili waliobeba sururu. Kisha mdomo wa handaki ukabaki mtupu kwa muda mrefu, vumbi likatulia, na yeye akashika mikono ya kiti.

Wa mwisho alikuwa kijana yule wa hodi, amechelewa kukunja nyaya. Alipofika usawa wa kiti alitema mate chini, karibu kabisa na kiatu cha Lutengano, akaendelea na safari yake.

Lutengano akamhesabu.